Chanzo kwanza, sentensi baadaye: kuwashika mkono wanafunzi wa Lubumbashi wanaoanza kuandika Wikipedia ya Kiswahili

Nikianza na kundi jipya la wanafunzi hapa Lubumbashi, kompyuta hubaki zimefungwa. Nawagawia karatasi na kuwaomba waandike sentensi tano kuhusu kitu wanachokijua vizuri: komini yao (sehemu ya utawala ya mji), soko, timu, mchoraji, mgodi. Dakika kumi zinatosha. Kisha kila mmoja anasoma alichoandika, na kwa kila sentensi namuuliza swali lilelile: "Hili umelisoma wapi?"

Hapo chumba kinanyamaza. Si kwamba hawajui. Wanajua mengi, tena kwa undani, ila karibu yote wameyasikia: kwa mzee nyumbani, kwenye redio, ndani ya basi, kwenye kundi la simu. Kamusi elezo haijengwi kwa tulichosikia, hata kikiwa kweli. Inajengwa kwa kilichochapishwa mahali ambapo msomaji wa Dodoma au Mombasa anaweza kukifuata na kukiona. Mwanafunzi akilishika hilo siku ya kwanza, mengine yote atajifunza polepole. Asipolishika, utakuwa unafuta kazi yake kila wiki mpaka akate tamaa.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai (Tshiluba), lakini makala nyingi za upande wetu bado ni kile ambacho Wikipedia yenyewe hukiita mbegu: mistari miwili mitatu, kisha basi. Nimeandika mwongozo huu kwa mwalimu, kwa kiongozi wa klabu ya wanafunzi, na kwa yaya (kaka au dada mkubwa) aliyetangulia anayetaka kuwaongoza wadogo zake mpaka wachapishe makala inayosimama.

Akaunti zifunguliwe nyumbani, si darasani

Hili nililijifunza kwa machungu. Mara ya kwanza niliwakusanya watu ishirini kwenye chumba kimoja chenye mtandao mmoja, nikawaambia wote wafungue akaunti. Sita wa kwanza walifaulu. Waliobaki walikataliwa na mfumo, nami sikujua sababu. Sababu ni hii: Wikipedia huruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, ili kuzuia watu wanaofungua akaunti bandia kwa wingi. Tulipoteza asubuhi nzima.

Kwa hiyo wiki moja kabla, kila mwanafunzi afungue akaunti kwa simu yake na mega zake, yaani data yake ya intaneti. Kama simu itamwambia kwamba anwani imezuiwa, asidhani amefanya kosa. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, na mharibifu mmoja akizuiwa, wasio na hatia huzuiwa pamoja naye. Ajaribu mtandao mwingine, au wewe mwenyewe uwaandikie wakabidhi (wasimamizi) wa Wikipedia mapema, uwaeleze kwamba una darasa siku fulani.

Jina la akaunti liwe la mtu mmoja. Akaunti ya klabu nzima haifai, kwa sababu kila neno linalochapishwa lazima liwe na mwenyewe. Si lazima liwe jina lake halisi, na kwa mji wetu nashauri lisiwe. Namba ya simu isiingie popote.

Umeme utakatika, hilo lijue. Wafundishe kuandika rasimu kwenye daftari au kwenye simu, kisha kuihamishia Wikipedia. Na kwa wale ambao mega ni shida, kuna programu iitwayo Kiwix inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti: mmoja anapakua, wengine wanapitishiana kwa kadi ya kumbukumbu. Haiwezi kuhariri, lakini ni njia nzuri ya mgeni kuona makala iliyokamilika inavyofanana kabla hajaandika yake.

Mada iwe ndogo, na isiwe yako

Makosa ya wageni wengi huanzia kwenye uchaguzi wa mada. Mmoja anataka kuandika "Historia ya Katanga" yote. Mwingine anataka kumwandika mchungaji wake, mjomba mwenye duka, au yeye mwenyewe. Wa kwanza atazama; wa pili atafutwa, na atafutwa kwa haki. Hatuandiki juu ya watu na taasisi tulizo na uhusiano nazo, kwa sababu hatuwezi kuwa wakweli tukiwa na deni la shukrani au la damu.

Kipimo ninachotumia ni chepesi. Je, kuna vyanzo viwili au vitatu, vilivyoandikwa na watu wasiohusika na mada hiyo, vinavyoizungumzia kwa kirefu? Vikiwepo, twende. Visipokuwepo, mada isubiri, hata kama tunaipenda.

Kwa Lubumbashi na Katanga kuna mada nyingi zinazopita kipimo hicho. Misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, inayopatikana makaburini kwenye bonde la Upemba, na iliyowekwa hata kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa 1939. Mji wa Kipushi na mgodi wake. Chuo cha wachoraji alichoanzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mjini hapa mwaka 1946, kilichowatoa Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwanafunzi anayechukua mchoraji mmoja tu kati ya hao watatu ana kazi ya mwezi mzima, na kazi nzuri.

Ila kabla ya makala mpya, kila mmoja arekebishe makala tatu zilizopo. Aongeze tarehe moja yenye chanzo, asahihishe tahajia, aweke kiungo kinachokosekana. Dakika tano kila moja. Woga wa kubonyeza kitufe cha kuchapisha unaisha hapo.

Jedwali la vyanzo

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na siwaruhusu wairuke. Mwanafunzi achore mistari miwili kwenye daftari ipate nguzo tatu. Ya kwanza: jambo. Ya pili: limeandikwa wapi, na nani, mwaka gani, ukurasa gani. Ya tatu: je, nimelisoma kwa macho yangu? Mpaka jedwali lifikie mistari kumi na miwili hivi, sentensi ya kwanza haiandikwi.

Watakuuliza: "Mwalimu, vitabu vyenyewe ni vya Kifaransa, itakuwaje?" Hakuna tatizo lolote. Makala inaandikwa kwa Kiswahili, lakini chanzo kinaweza kuwa cha Kifaransa, Kiingereza au Kiholanzi. Maktaba za vyuo vyetu zina tasnifu na majarida. Radio Okapi, iliyoanza 2002, ina maandishi ya miaka mingi kwenye tovuti yake. Kinachofaa ni kile kilichopita mikononi mwa mhariri. Ukurasa wa Facebook haukupita. Tangazo la kampuni kuhusu yenyewe linaweza kuthibitisha mwaka iliyoanzishwa, si ubora wake.

Siku hizi kuna hatari mpya: programu za akili bandia. Mwanafunzi anaiomba imwandikie makala, na inampa yenye vyanzo vilivyopangwa vizuri kabisa, mwandishi, mwaka, ukurasa, na baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ndiyo maana ya nguzo ya tatu. Chanzo ambacho hukukifungua wewe mwenyewe si chako kukitaja.

Anachokijua mzee

Mwanafunzi mmoja wa komini ya Katuba aliniletea madaftari mawili ya mambo aliyosimuliwa na babu yake, aliyefanya kazi kwenye tanuru za shaba miaka mingi. Majina ya kambi za wafanyakazi, posho ya unga ilivyogawiwa, king'ora cha zamu. Nilipomwambia hayawezi kuingia Wikipedia jinsi yalivyo, machozi yalimlenga. Nami sikuona raha.

Mwongozaji asilipite hili haraka. Usimwambie kijana kwamba babu yake si chanzo, kana kwamba babu anadanganya. Mwambie ukweli: Wikipedia ni nyumba ya mwisho ya maarifa, si ya kwanza. Maarifa hupitia kwanza kwenye kitabu, gazeti, tasnifu au jarida, ndipo yakafika huku. Kwa hiyo masimulizi ya babu yana njia mbili. Ya kwanza, yatumike kama ramani: babu anataja kambi fulani, wewe nenda kaitafute kwenye vitabu vya historia ya Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906. Mara nyingi utaikuta, na utaikuta haraka kuliko mtu asiyejua atafute nini. Ya pili, madaftari yahifadhiwe na yaandaliwe kwa idara ya historia au kwa jarida linalochapisha ushuhuda. Yakichapishwa huko, siku moja mtu atayataja.

Kijana yule alipata kwenye vitabu mambo manne kati ya yale ya babu. Makala yake ina hayo manne, kila moja na tanbihi yake.

Majina yanayobadilika

Hapa ndipo makala za Katanga huharibika, hata zile zilizoandikwa na watu wazoefu. Mwanafunzi anaandika: "Alizaliwa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1980." Sentensi inaonekana safi, lakini mwaka 1980 hapakuwa na mkoa wa Haut-Katanga, wala nchi haikuitwa hivyo.

Wape watu wako mistari hii waibandike ndani ya jalada la daftari. Mji uliitwa Élisabethville tangu ulipoanzishwa 1910 hadi 1966, ukawa Lubumbashi. Nchi iliitwa Zaire tangu 1971 hadi 1997. Katika miaka hiyohiyo Katanga iliitwa Shaba. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtu aliyezaliwa hapa 1980 alizaliwa Lubumbashi, mkoa wa Shaba, Zaire, na unaweza kuongeza "leo Haut-Katanga" kwa ajili ya msomaji.

Hata mpira una mtego huo. Klabu tunayoiita TP Mazembe ilishinda ubingwa wa Afrika 1967 na 1968 ikiwa na jina la Englebert. Ukiandika tu "Mazembe ilishinda 1967", mtu atakayefungua gazeti la mwaka huo hatalikuta jina hilo.

Sifa ziondoke, ukweli ubaki

Nikiwa bado kwenye mpira, huu ni mfano halisi wa sentensi niliyoletewa: "TP Mazembe ni timu kubwa na tukufu kuliko zote Afrika, fahari ya kila Mkongomani." Nilimuuliza aliyeiandika, "Kwa nini unasema ni kubwa?" Akaanza kunihesabia vidoleni. Nikamwambia, basi andika vidole. Sentensi ikawa hivi: "Klabu imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako ilifungwa 3-0 na Inter Milan." Soma zote mbili. Ya pili inaipa Mazembe heshima zaidi, na hakuna anayeweza kuifuta.

Kisha nikampa makala hiyo shabiki wa Lupopo, klabu pinzani ya mji huuhuu, aikague. Sikosi kufanya hivyo. Hakuna jicho kali kama la mpinzani, na akisema "hapa sina la kupinga", makala imeiva.

Kuhusu siasa nina ushauri mmoja: isiwe makala ya kwanza ya mtu yeyote. Tukio kama kujitenga kwa Katanga, kulikotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960 na kuisha Januari 1963, bado lina majeraha katika familia za mji huu. Wapo wanaoliita uhuru na wapo wanaoliita uasi. Neno "kujitenga" halimtukani yeyote, na kila dai juu ya nani alifanya nini liwe na mwenye kulisema na chanzo chake. Mwanafunzi akiwa na miezi sita ya kuandika, ndipo aguse huko.

Kiswahili kipi?

Swali hili litakuja, tena kwa hasira kidogo, na lina haki ya kuja. Kiswahili cha Lubumbashi si kibovu. Ni lugha ya mji huu na ina historia yake. Lakini Wikipedia inasomwa kuanzia Zanzibar hadi Kisangani, na lugha tunayoweza kukutana nayo wote ni sanifu.

Maneno hatari si yale yasiyojulikana kule, kwa maana hayo msomaji ataona wazi kwamba hayajui. Hatari ni yale yanayofanana na kumaanisha kitu kingine. Nikisema nyumbani "baba anatumika ku mugodi", kila mtu anajua baba anafanya kazi mgodini. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba baba anatumiwa kama chombo. Sisi tunaenda "masomo". Wao wanaenda shule, na masomo ni yale wanayofundishwa humo. Sisi tunasema "jimbo la Haut-Katanga". Mtanzania akisikia jimbo anafikiria mbunge, kwa hiyo andika mkoa. Kila kundi langu hutunga orodha yake ya maneno kama haya na kuiongeza wiki hadi wiki.

Yapo ya kuachwa yalivyo. Bukari ibaki bukari, ukiongeza tu kwamba ndilo jina la ugali huku kwetu. Komini ibaki komini, kwa kuwa ni ngazi ya utawala isiyo na mwenzake kamili Tanzania. Msomaji wa mbali anastahili kuijua.

Kutafsiri kutoka Kifaransa

Inaruhusiwa, na kuna chombo cha kutafsiri ndani ya Wikipedia yenyewe. Masharti ni matatu. Kwenye muhtasari wa uhariri utaje makala uliyoitafsiri, maana leseni inataka waandishi wa kwanza watambuliwe. Ukague vyanzo vya makala hiyo, usivinakili tu. Na usikubali tafsiri ya mashine jinsi ilivyotoka. Mfundishe mwanafunzi asome aya ya Kifaransa mara mbili, aifunike, kisha amsimulie mwenzake kwa Kiswahili. Alichosimulia ndicho akiandike. Sentensi zitakuwa fupi, na zitakuwa zake.

Kuandika kwenye ukurasa

Rasimu ianzie kwenye ukurasa wa mtumiaji, si kwenye makala halisi. Huko anaweza kukosea kwa raha. Ukibonyeza "Hariri" unaandika kama kwenye karatasi; ukibonyeza "Hariri chanzo" unaona alama. Mimi huwafundisha alama, kwa sababu zinafanya kazi hata kwenye simu dhaifu. Nne tu zinatosha kuanza:

'''Kamalondo''' ni mojawapo ya komini saba za mji wa [[Lubumbashi]], mkoa wa [[Haut-Katanga]], [[Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo]].<ref>Mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ukurasa.</ref>

[[Jamii:Lubumbashi]]

Apostrofi tatu zinakoleza jina la makala mara ya kwanza linapotajwa. Mabano mraba mawili yanatengeneza kiungo. Alama ya ref inabeba chanzo, na inakaa mara tu baada ya nukta ya sentensi inayothibitishwa, si mwisho wa aya nzima. Jamii inaiweka makala kwenye rafu yake. Sentensi ya kwanza ijibu: hiki ni nini, na kiko wapi? Usianze na historia, usianze na methali.

Picha apige mwenyewe na azipakie Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia. Za kuokota mtandaoni zitafutwa, hata kama zimejaa kila mahali. Na angalizo kwa wanaoandika juu ya wachoraji: kupiga picha mchoro hakukupi haki ya mchoro. Haki hiyo ni ya msanii, na hubaki kwa warithi wake miaka mingi baada ya kifo.

Siku ya kuchapisha, na wiki inayofuata

Nakaa karibu na kila mmoja. Tunasoma kwa sauti, sentensi kwa sentensi, yeye akiwa ameshika jedwali lake. Sentensi isiyo na mstari kwenye jedwali inatoka. Baadhi wamechapisha aya mbili tu baada ya mwezi mzima wa kazi, na aya hizo bado zipo. Makala ikishapanda, iunganishwe na ya Kifaransa kwa viungo vya lugha, ili anayesoma huko aone kwamba Kiswahili pia kipo.

Kisha mtu asiyejulikana ataigusa. Atabadilisha neno, ataondoa sentensi, au ataacha ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano. Mgeni huona kama ametukanwa. Mwonyeshe "Historia" ya ukurasa: kila badiliko lipo, lina tarehe na jina la aliyelifanya, na hakuna kinachopotea moja kwa moja. Kama aliyeondoa ana hoja, ashukuriwe. Kama hana, asirudishe kimyakimya mara tatu nne. Aende kwenye majadiliano, asalimie, aweke chanzo chake mezani na kusubiri. Mara nyingi jibu linakuja ndani ya siku chache, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kufika Lubumbashi, akiuliza: Kamalondo iko upande gani wa mji? Hapo mwanafunzi anafungua tena daftari lake, anatafuta ukurasa wenye ramani, na kuongeza sentensi ya sita.